Nimepewa bango, si jukwaa: je, niende mkutanoni?

"Mwalimu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili ya fiziolojia hapa Dar es Salaam. Ikisiri yangu, yaani muhtasari wa utafiti, imekubaliwa kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha wanafiziolojia wa kanda yetu, safari hii Nairobi, ila wamenipangia bango, yaani nisimame kando ya karatasi kubwa ya matokeo iliyobandikwa ubaoni, sitazungumza jukwaani. Utafiti wangu ni wa kutumbukiza mkono kwenye maji ya barafu kwa dakika moja na kupima presha. Nilikuwa na wanafunzi 32: 16 wana mzazi mwenye presha ya kupanda, 16 hawana. Kundi la kwanza namba ya juu ya presha ilipanda kwa wastani wa 14, la pili kwa 10, mkengeuko sanifu, yaani mtawanyiko wa namba kuzunguka wastani, kama 10 kila kundi, p ikawa 0.27. Kwa hiyo hakuna tofauti. (Alikuwepo na wa 33, nikamtoa kwa sababu alisoma 164/104 kabla hata ya barafu.) Msimamizi wangu anasema mabango ni ya kujazia ukumbi, na kwamba nikionyesha data kabla ya kuchapisha zitaibiwa. Kaka yangu ameahidi nauli lakini anauliza, tunanunua nini hapo? Niende, au nisubiri mwakani nikiwa na matokeo ya maana?"

Marahaba. Nikiielewa vizuri barua yako, unaona umewekwa kiti cha nyuma, unaona huna cha kuonyesha, na wakati huohuo umeambiwa kwamba hicho usichokuwa nacho kitaibiwa. Yote nitayagusa. Lakini naomba nianze na ile sentensi uliyoifungia kwenye mabano, maana ndiyo iliyonifanya niiache chai yangu ipoe.

Huyo kijana wa 164/104, ulimwambia nini? Kipimo kimoja hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Huenda alipanda ngazi akikimbia, huenda aliogopa lile beseni, huenda mkanda wa mashine ulikuwa mdogo kwa mkono wake, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Hata hivyo mstari tunaoanza kuuita presha ya kupanda ni 140/90, na yeye ameuvuka kwa mbali katika umri ambao wenzake wengi wako 110 au 120. Mtafute wiki hii. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono uko usawa wa moyo, apimwe mara mbili, kisha arudiwe siku nyingine. Ikibaki juu, aende hospitali na si duka la dawa, kwa sababu presha ya namna hiyo kwa kijana humfanya daktari aangalie na figo. Kama ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, macho yanaona ukungu au kichwa kinamuuma vibaya, aende siku hiyohiyo. Kumtoa kwenye jaribio ilikuwa sahihi. Kumtoa na kunyamaza haitakuwa sahihi, na kamati ya maadili iliyokupa kibali itakuuliza hilo kabla ya kukuuliza p yako.

Naye lazima aonekane kwenye bango: walipimwa 33, mmoja aliondolewa kabla ya barafu kwa presha ya juu, akaelekezwa hospitali. Andika pia alikuwa wa kundi gani. Kama ana mzazi mwenye presha, kuondoka kwake kumelipunguza makali kundi lile lile ulilotaka kulipima, na mtu makini ataliona hilo akiwa bado mita mbili kutoka kwako.

Sasa bango. Dhana kwamba ni daraja la pili imeenea, na kwenye fani nyingine huenda ina ukweli kidogo. Ila ifanyie hesabu. Chukua mkutano wa siku mbili. Toa hotuba za wageni, ufunguzi wenye viongozi, chai, chakula, mkutano mkuu wa wanachama ambao hauishi kwa wakati hata siku moja. Unabaki na saa kama sita hivi za kuzungumza, na kila mzungumzaji akipewa dakika kumi na tano pamoja na maswali, hao ni watu 24. Ikisiri zikiletwa 100, hata zote zikiwa nzuri, 76 zitakwenda ukutani. Kamati hupanga kwa mada na kwa nafasi. Mara nyingi humpa jukwaa yule ambaye kazi yake imekamilika na inaweza kusimuliwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Kazi yako bado inapinda, na jukwaa lingekuumiza: ungesema dakika kumi, mtu mmoja angeuliza swali refu ambalo kwa kweli ni hotuba yake mwenyewe, mwenyekiti angesema muda umekwisha, na ungeshuka bila kujua walichoelewa.

Mbele ya bango mambo hugeuka. Mtu anasimama, anasoma, anakuona umesimama pembeni, anakuuliza, "Maji yalikuwa nyuzi ngapi?" Unamjibu, naye anarudi na swali la pili, na la tatu. Muda wa saa moja na nusu ukizungumza na watu kumi wa namna hiyo, umepata wasomaji kumi wa tasnifu yako bila kuwabembeleza.

Na vyama hivi vilianzia hukohuko kwenye kuonyeshana kazi mbichi. Chama cha fiziolojia cha Uingereza kilizaliwa 31 Machi 1876, nyumbani kwa John Burdon Sanderson jijini London, wakati Bunge lao likiandaa sheria ya majaribio kwa wanyama. Mwanzoni kilikuwa karibu na klabu ya chakula cha jioni: watu wanakula, wanaonyeshana walichokipata, wanabishana. Kile cha Marekani kilifuata 1887, na kongamano la kwanza la kimataifa likafanyika Basel mwaka 1889. Kwetu Afrika kuna AAPS, mwavuli wa vyama vya fiziolojia vya bara hili, nao uko chini ya umoja wa dunia, IUPS. Majina na kumbi vimekua, lakini kazi ni ileile.

Kuna kisa ninachokipenda katika historia hii. Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz, alichukua mioyo miwili ya chura. Alisisimua vegasi, neva inayotuliza moyo, kwenye moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua majimaji yaliyokuwa ndani yake, akayatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo bila neva yake kuguswa. Maana yake neva huzungumza kwa kemikali. Wenzake wengi walijaribu kurudia wakashindwa, na wakaanza kumtilia shaka. Mwaka 1926, kwenye kongamano la kimataifa pale Stockholm, alitakiwa aonyeshe mbele yao. Akaonyesha mara 18. Miaka kumi baadaye akagawana Tuzo ya Nobel na Henry Dale. Sababu mojawapo ya wengine kushindwa ni kwamba vyura hawafanani majira yote ya mwaka, na joto la maabara lina lake la kusema. Weka hilo akilini, kwa sababu nakuja kwenye barafu yako.

Kabla ya barafu, ile "kwa hiyo hakuna tofauti". Hapo umejinyima. p ya 0.27 haisemi kwamba makundi ni sawa. Inasema kwamba kwa watu uliokuwa nao, tofauti ya 4 ingeweza kujitokeza kwa bahati tu bila mtu kushangaa. Fanya hesabu nyingine, ya mipaka. Kwa watu 16 kila upande na mkengeuko wa 10, tofauti halisi inaweza kuwa popote kuanzia kundi lisilo na mzazi mgonjwa kuzidi kwa 3, hadi kundi lenye mzazi mgonjwa kuzidi kwa 11, kwa uhakika wa asilimia 95. Tofauti ya 11 ikiwa ya kweli si kitu kidogo. Utafiti wako haujaikataa. Haujaithibitisha pia. Ni kama umemulika chumba kwa kibiriti: hukumwona mtu, lakini kona mbili hukuziona kabisa.

Ungehitaji wangapi? Kuikamata tofauti ya 5 kwa mtawanyiko huo, na nafasi nne kati ya tano za kuiona ikiwa ipo, ungehitaji kama watu 64 kila kundi. Kwa tofauti ya 4 ni kama 100. Wewe ulikuwa na 16. Hilo si kosa la jinai, uzamili una bajeti yake, lakini liandike kwenye bango kwa herufi zinazosomeka: tofauti 4, mipaka toka hasi 3 hadi 11, utafiti mdogo, hautoi uamuzi. Futa kabisa maneno "hakuna tofauti". Anayejua takwimu atakuheshimu kwa hilo, na asiyejua atakuuliza mipaka ni nini, nawe utamweleza.

Sasa barafu. Jaribio hili lina umri wa karibu karne moja, Hines na Brown walililetea utaratibu miaka ya 1930. Mkono ukiingia kwenye maji ya nyuzi 4 hivi, maumivu na baridi hupeleka habari kwenye ubongo, neva za simpathetiki, zile za kuuandaa mwili kwa hatari, zinawaka, mishipa midogo ya damu inajikaza mwili mzima, na presha inapanda. Tunachopima ni ukali wa hilo agizo la kukaza. Dhana yako, kwamba watoto wa wenye presha wana agizo kali zaidi, ni ya heshima na ina wazee wake. Ila jaribio lenyewe ni lepesi kulifanya na lepesi kuliharibu.

Wanafunzi wangu hununua barafu Feri kwa wauza samaki, mapande makubwa ya kuvunja kwa nyundo, yanakuja kwenye gunia la katani yakiwa yameshaanza kulia njiani. Saa tatu asubuhi beseni linasoma nyuzi 3. Saa sita mchana, feni imezimika na umeme umekatika, linasoma 8, na mwanafunzi bado anaandika "maji ya barafu" kwenye fomu kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mkono wa binadamu nyuzi 3 na nyuzi 8 ni maumivu mawili tofauti. Halafu kuna ujanja mwingine: maji yakitulia, mkono hujitengenezea utando wa joto kuuzunguka, na baada ya sekunde ishirini mshiriki hayuko tena kwenye maji uliyoyapima. Lazima yakorogwe muda wote, kwa pampu ndogo ya tangi la samaki au kwa mwiko na mtu wa kuushika.

Kwa hiyo fungua daftari lako la maabara uangalie mambo haya kabla hujachora hata mstari wa bango. Uliandika joto la maji kwa kila mshiriki, au siku moja moja? Makundi mawili yalichanganywa katika siku na saa, au wenye wazazi wagonjwa walikuja asubuhi na wengine mchana? Kama yalichanganywa, barafu iliyoyeyuka imekuongezea mtawanyiko tu, yaani imeficha tofauti kama ilikuwepo. Kama hayakuchanganywa, shida ni kubwa zaidi, kwa sababu hiyo 4 yako yenyewe inaweza kuwa ya beseni, si ya ukoo. Na mashine ya presha ulianza kuijaza sekunde ya ngapi? Mashine za kawaida huchukua nusu dakika au zaidi mpaka zitoe namba, na presha huendelea kupanda kuelekea mwisho wa ile dakika. Ukianza mapema, umepima mlima ukiwa katikati. La mwisho, walishikilia pumzi? Karibu kila mtu hufanya hivyo baridi inapomchoma, na pumzi iliyoshikiliwa huchezea presha kwa njia zake.

Usiogope maswali haya. Nimekuandikia ili uyasikie kwangu kwanza, maana ndiyo hasa utakayoulizwa Nairobi. Kama jibu la mojawapo ni "sikuandika", sema hivyohivyo: sikuandika, na ningelirudia ningeweka kipimajoto ndani ya beseni muda wote. Nimewaona watu wazima wenye vyeo wakibuni jibu papo kwa papo mbele ya bango. Haipendezi, na kwenye fani ndogo kama yetu hukumbukwa.

Kuhusu kuibiwa, sitamdharau msimamizi wako. Mambo hayo hutokea, na wasimamizi wenye umri wetu wana makovu yao. Lakini tazama kinachoweza kuibiwa hapa. Hakuna atakayepiga picha bango lenye watu 32 akaenda kuandika makala, hana faili la data, hana kibali cha maadili, hana fomu za ridhaa. Wazo la jaribio lenyewe ni la tangu enzi za babu zetu. Zaidi ya hapo, ikisiri yako itabaki kwenye kitabu cha mkutano ikiwa na jina lako na tarehe, na hiyo ni alama ya mpaka. Majarida mengi hayahesabu ikisiri ya mkutano kuwa uchapishaji wa awali, ila soma masharti ya jarida mnalolilenga. Usigawe faili la data, na mtu akiomba kulipiga picha bango una haki ya kukataa.

Pale ambapo ningekubaliana na msimamizi wako moja kwa moja ni kama ungekuwa umebuni kifaa. Kukionyesha hadharani kabla ya kuomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kunaweza kuiua hataza hiyo katika nchi nyingi, na hapo ungekwenda kwanza kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia mali ya ubunifu. Beseni la barafu halina shida hiyo.

Lakini jambo moja huwezi kuliruka: jina la msimamizi liko kwenye ikisiri, na bango haliendi popote bila waandishi wote kuliona na kuliridhia. Usimshinde kwa ujanja wa kuondoka kimya. Nenda ofisini kwake na bango lililochapwa kwenye karatasi ya kawaida, mwombe akusaidie kulikosoa, na umwonyeshe ile mipaka ya hasi 3 hadi 11. Hofu ya msimamizi mara nyingi huwa ni kwamba mwanafunzi atamwaibisha. Akiona umejipanga, hulegea. Soma pia barua yako ya kibali cha utafiti mstari kwa mstari, kwa sababu nyingine zina sharti la ruhusa kabla ya kuchapisha au kuwasilisha nje. Kama ina sharti hilo, anza kufuatilia kesho, usingoje wiki ya safari. Na kwa hesabu, usinitegemee mimi kwenye maandishi tu. Kaa ana kwa ana na mtakwimu wa kitivo chenu, na faili lenyewe limefunguliwa, hasa kama yale masuala ya asubuhi na mchana yamejitokeza.

Kuhusu kaka yako, ana haki ya kuuliza, ni fedha yake. Ningemwambia hivi: tunanunua mtihani wa majaribio kabla ya ule wa kweli. Watahiniwa wa nje wa tasnifu yako watatoka kwenye kundi lilelile la watu watakaopita mbele ya bango. Tunanunua pia fursa ya kumuuliza mtu uso kwa uso kama maabara yake ina nafasi ya shahada ya uzamivu, jambo ambalo barua pepe kumi hazilijibu. Lakini kama nauli hiyo ni ada ya shule ya watoto wake, usiende. Mkutano ni wa kila mwaka. Mwandikie katibu wa mkutano kabla ya tarehe ya kujisajili mapema kwisha, uulize kama kuna punguzo au msamaha wa ada kwa wanafunzi, kwa maneno mafupi, na barua ya msimamizi ikiwa imeambatishwa. Wengi hawaombi, ndiyo maana fedha hizo wakati mwingine hubaki. Basi linapita Arusha na Namanga, viza hatuhitaji kuingia Kenya, hati ya kusafiria angalia tarehe yake, na kadi ya homa ya manjano iwe mfukoni.

Kwa hiyo, niende au nisubiri? Nenda, mradi msimamizi ameridhia, kibali kinaruhusu na fedha haimuumizi mtu. Mwakani hutakuwa na matokeo "ya maana" kwa kungoja tu. Ukienda sasa utarudi ukijua nini cha kurekebisha kabla hujatafuta hao 64 wa kila kundi.

Mambo madogo ya mwisho. Uliza kipimo cha ubao, na kama ubao huo ni wa kusimama wima au wa kulala. Bango langu la kwanza kabisa lilikuwa la kulala, ubao ulikuwa wa kusimama, na nusu ya matokeo yangu yalining'inia juu ya kazi ya dada mmoja aliyekuwa akichunguza figo za panya. Alinivumilia siku nzima. Chapisha kwenye kitambaa, kinakunjika begini, wala usikubali lile turubai la kung'aa la mabango ya kampeni, taa za ukumbi zitalifanya lisisomeke. Grafu moja kubwa yenye nukta 32, kila mtu nukta yake, ni bora kuliko majedwali manne. Namba ya kibali cha maadili chini, picha za washiriki usiweke bila ridhaa yao ya maandishi. Beba pini na gundi ya karatasi vya kwako. Na uwe na daftari dogo: mtu akishaondoka mbele ya bango, andika swali lake palepale kabla hajafika wa pili, pamoja na jina lake kama alikupa.